Bunia: Namna wauguzi wanavyosoma ngozi ya mgonjwa kabla ya maabara kutoa jibu

BUNIA – Katika vituo vingi vya afya vya Ituri, mgonjwa hapokelewi na munganga. Anapokelewa na muuguzi, A2 au A1, na mkubwa wa kituo ndiye yule wanaomwita titulaire. Daktari yuko kwenye hospitali kuu ya zoni ya afya, na kwa mtu wa kijiji cha Djugu au Irumu hospitali hiyo inaweza kuwa mbali, tena barabara haina usalama. Kituo kina kipimo cha haraka cha malaria, kipimajoto, mzani na utepe wa kupima mkono wa mtoto. Kwa mengine yote, muuguzi anategemea macho yake na vidole vyake.

Kitu cha kwanza anachokiona ni ngozi. Ndiyo kiungo kikubwa kuliko vyote vya mwili, na inaonyesha mapema mambo yanayotokea ndani: damu iliyopunguka, maji yaliyokwisha mwilini, ini lenye shida, chakula kisichotosha, ugonjwa wa kuambukiza. Mama akimleta mtoto "kwa sababu ya homa tu", ngozi inaweza kusema kwamba si homa tu. Muuguzi akikosa kuisoma, mtoto anarudishwa nyumbani na vidonge vya paracetamol, na kesho yake hali imekuwa nyingine.

Makala hii inaeleza wauguzi wanaangalia nini, kwa nini wanauliza maswali yale wanayouliza, na alama gani ambazo kila mzazi wa Bunia anaweza kuzitambua mwenyewe.

Mwanga, maswali na faragha

Kazi inaanza kabla ya kugusa. Muuguzi ananawa mikono, kisha anamsogeza mgonjwa karibu na dirisha. Mwanga wa jua ni bora kuliko taa, kwa sababu balbu ya rangi ya manjano huficha manjano ya ngozi, na tochi ya simu hufanya kila kitu kionekane cheupe. Usiku, umeme ukiwa umekatika, muuguzi mwenye uzoefu anajua kwamba rangi aliyoiona si ya kuaminika sana. Anamwangalia mgonjwa tena asubuhi.

Halafu yanakuja maswali. Alama hii ilianza lini? Ilianzia wapi, na ilienea kuelekea wapi? Inawasha au inauma? Inawasha zaidi usiku? Nyumbani kuna mwingine mwenye alama kama hii? Umepaka nini, umekunywa dawa gani? Umetoka safari? Umegusa mnyama aliyekufa? Watu wengine huona maswali haya kama udadisi, lakini mara nyingi jibu la "watoto wote wa nyumba wanajikuna" linasaidia kuliko kipele chenyewe.

Baada ya hapo, mgonjwa anaombwa kuvua nguo, sehemu moja baada ya nyingine. Hapa faragha ni lazima. Katika kituo chenye chumba kimoja, kitenge kilichofungwa kama pazia kinatosha. Muuguzi anaeleza anachotaka kuangalia, anaomba ruhusa, na mgonjwa mwanamke anaweza kuomba aangaliwe na muuguzi mwanamke. Katika jimbo ambalo vita vimewaumiza wanawake wengi, jambo hili lina uzito. Mtu aliyefanyiwa ubakaji anaweza kuwa na michubuko ambayo hataki kuionyesha. Akiharakishwa au akiulizwa mbele ya watu, ataondoka kimya, na atakosa dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI ambazo zinapaswa kuanza ndani ya saa 72.

Ngozi nyeusi haionyeshi wekundu vilevile

Vitabu vingi vya uuguzi vinavyotumika duniani viliandikwa na kupigwa picha kwa kufuata ngozi nyeupe. Vinasema: "tafuta wekundu". Lakini kwenye ngozi ya wengi wetu, mahali palipovimba kwa ugonjwa hapawi pekundu kama kwenye picha. Panaweza kuwa rangi ya zambarau, ya kijivu, au peusi kuliko ngozi ya pembeni.

Jambo hili si la Congo tu. Mwaka 2020, Malone Mukwende, mwanafunzi wa udaktari huko London aliyezaliwa Zimbabwe, alitoa pamoja na walimu wake kitabu kidogo kinachoitwa Mind the Gap, kinachoonyesha alama za magonjwa kwenye ngozi nyeusi, kwa kuwa aliona mafunzo yake yanaziacha. Mwezi wa Desemba mwaka huohuo, watafiti wa Marekani walionyesha kwamba hata kile kifaa kinachobanwa kwenye kidole kupima oksijeni kilikosea mara nyingi zaidi kwa wagonjwa weusi: kilionyesha oksijeni inatosha wakati damu ilikuwa imepungukiwa. Kwa ukosefu wa oksijeni uliojificha hivyo, kifaa kilikosea kwa wagonjwa weusi karibu mara 3 zaidi kuliko kwa weupe.

Kwa hiyo muuguzi wa Bunia anafanya nini? Anatumia mkono. Mgongo wa kiganja chake unahisi joto vizuri kuliko ncha za vidole. Anaweka mkono mahali panaposhukiwa, kisha upande wa pili wa mwili, analinganisha. Anabonyeza kuona kama pamekuwa pagumu au palaini kupita kawaida. Anauliza kama panauma. Joto, uvimbe, ugumu na maumivu vinachukua nafasi ya wekundu.

Kuhusu rangi, anaenda sehemu zenye weusi kidogo: ndani ya mdomo, ulimi, ufizi, ndani ya kope la chini, kwenye kucha, viganja na nyayo. Ulimi na midomo ikiwa ya kijivu au ya bluu, oksijeni haitoshi, na hapo hakuna kungoja. Weupe wa macho ukigeuka manjano, anafikiria ini au damu inayoharibika.

Kiganja cha mtoto, tumbo la mtoto, mguu wa mtoto

Kuna vipimo vitatu vya ngozi ambavyo kila muuguzi anayehudumia watoto anavijua, na havihitaji mashine.

Cha kwanza ni kiganja. Malaria inaharibu damu, na mtoto anaweza kuishiwa damu ndani ya siku chache. Muuguzi anakifungua kiganja cha mtoto bila kuvuta vidole nyuma, analinganisha na kiganja chake mwenyewe na cha mama. Kama ni cheupe kidogo, kuna upungufu wa damu. Kama ni cheupe kabisa, kama karatasi, mtoto anapelekwa hospitali haraka, kwa sababu anaweza kuhitaji kuongezewa damu.

Cha pili ni kufinya ngozi ya tumbo. Mtoto anayeharisha analazwa chali, na muuguzi anashika mkunjo wa ngozi katikati ya kitovu na ubavu, kisha anaachia. Ngozi yenye maji inarudi mara moja. Ikirudi polepole, maji yamepunguka. Ikichukua zaidi ya sekunde 2, hali ni mbaya. Lakini kipimo hiki kina mtego: kwa mtoto aliyekonda sana, ngozi hurudi polepole hata kama maji yapo, na kwa mtoto aliyevimba, inaweza kurudi haraka hata kama maji hayapo. Ndiyo maana muuguzi anaangalia pia macho yaliyoingia ndani, na kama mtoto anakunywa kwa pupa au hawezi kunywa kabisa.

Cha tatu ni mguu. Muuguzi anabonyeza juu ya miguu yote miwili kwa kidole gumba, anahesabu sekunde 3, anaachia. Shimo likibaki kwenye miguu yote miwili, anashuku kwashiorkor, ugonjwa wa utapiamlo ambao huko Kivu wengi waliuita bwaki. Ngozi ya mtoto huyo inaweza kuwa na madoa meusi yanayobanduka kama rangi ya ukuta wa zamani, na nywele zake zinakuwa nyepesi na za rangi ya kahawia. Wazazi wengine huona mtoto amenenepa. Hajanenepa, amejaa maji. Katika kambi za wakimbizi wa ndani kama Kigonze, ambako familia ziliacha mashamba yao, kubonyeza miguu kunaweza kuokoa maisha hata kabla ya kupima uzito.

Kwa mtoto mchanga kuna la kuongeza. Manjano yakionekana ndani ya saa 24 za kwanza, au yakifika kwenye viganja na nyayo wakati wowote, mtoto anapaswa kupelekwa hospitali siku hiyohiyo. Kumweka juani nyumbani hakutoshi.

Vipele: ni surua, tetekuwanga au mpox?

Hapa ndipo kazi inapokuwa ngumu zaidi, na kukosea kunaweza kuambukiza mtaa mzima.

Surua inaanza na homa, kikohozi, mafua na macho mekundu. Baada ya siku chache vipele vinaanza nyuma ya masikio na kwenye paji la uso, vinashuka kwenye kifua hadi miguuni. Kwenye ngozi nyeusi vinaweza visionekane vyekundu, lakini mkono unavihisi: ngozi inakuwa na ukwaruzo kama mchanga. Congo inajua bei ya surua. Tangu mwanzo wa 2019 hadi Januari 2020, Shirika la Afya Duniani lilihesabu watu wapatao 310,000 walioshukiwa kuwa nayo nchini, na zaidi ya 6,000 walikufa. Mtoto mwenye surua anapewa vitamini A siku mbili mfululizo, na muuguzi anauliza kuhusu chanjo za ndugu zake.

Tetekuwanga inakuja kwa mawimbi. Ukiangalia sehemu moja ya mwili, unakuta kipele kipya, lengelenge la maji na kigaga, vyote pamoja. Vinawasha, na mara nyingi ni vingi zaidi kwenye kifua na mgongo.

Mpox inafanana nayo, lakini vipele vya sehemu moja mara nyingi vinakua pamoja, vyote vikiwa katika hatua moja. Ni vigumu kwa kuguswa, vinaweza kuwa na kishimo katikati, vinapenda uso, viganja, nyayo na sehemu za siri, na tezi za shingo au za kinena huvimba. Mgonjwa wa kwanza wa ugonjwa huu aliyejulikana duniani alikuwa mtoto wa Congo, huko Basankusu, mwaka 1970. Aina mpya ya kirusi iliyogunduliwa Kamituga, Kivu Kusini, ilifanya Shirika la Afya Duniani kutangaza dharura ya kimataifa tarehe 14 Agosti 2024, na Ituri nayo imepata wagonjwa wa mpox.

Muuguzi mwaminifu anajua kwamba macho peke yake hayatoshi kutofautisha. Anachoweza kufanya ni kushuku mapema. Anamtenga mgonjwa, anavaa glavu, anaita timu ya zoni ya afya, na sampuli inachukuliwa kutoka kwenye kipele chenyewe kwa ajili ya maabara. Kumwambia mgonjwa "ni mpox" bila uhakika kunaweza kumfukuzisha nyumbani kwake. Kumwambia "ni vipele vya joto tu" kunaweza kuwaambukiza watoto wake.

Magonjwa ambayo Ituri inayajua kuliko wengine

Tauni, ambayo huku wengi wanaijua kwa jina la peste, haijaondoka Ituri. Milima ya Djugu na Mahagi ni kati ya sehemu chache za dunia ambako bado inaonekana. Alama yake kwenye mwili ni mtoki mkubwa wenye maumivu makali, kwenye kinena, kwapa au shingo, pamoja na homa ya ghafla. Muuguzi wa huko akigusa mtoki huo, anauliza swali moja: je, panya wamekufa nyumbani au kijijini? Jibu likiwa ndiyo, hangoji maabara. Tauni inatibika kwa antibiotiki ikiwahiwa, na inaua haraka ikicheleweshwa.

Usubi, au oncho, unaletwa na nzi mdogo mweusi anayezaliana kwenye mito yenye maji ya mbio. Wengi wanaujua kama ugonjwa wa macho, lakini ngozi ndiyo inayoanza kusema: kuwashwa kusikoisha, ngozi inayokuwa nene, na kwa watu wazima madoa meupe kwenye mifupa ya mbele ya miguu, kama ngozi ya chui. Kuna pia vinundu vigumu kwenye nyonga au mbavu. Huko Ituri watafiti wameuhusisha pia na kifafa cha watoto katika vijiji vya kando ya mito, kwa hiyo muuguzi anayeona mtoto wa kifafa anafanya vizuri kuangalia ngozi yake.

Ukoma unajificha katika doa moja jeupe au la shaba, lisilowasha wala kuuma. Muuguzi anachukua kipande cha pamba, anamwomba mgonjwa afumbe macho, anagusa ngozi nzima kisha doa. Mgonjwa asipohisi kwenye doa, ukoma unashukiwa. Dawa zake ni za bure na zinatumiwa miezi 6 au 12. Anayeanza mapema hapotezi vidole.

Na kuna upele wa kuwasha, ule wengi wanaita gale, ambao unazunguka kambini kwa sababu watu wengi wanalala chini ya hema moja. Muuguzi anatafuta kati ya vidole, kwenye vifundo vya mikono, kitovuni, kiunoni. Kumtibu mtoto mmoja ni kazi bure. Familia nzima inatibiwa siku moja, na nguo na blanketi zinafuliwa na kuanikwa juani.

Ebola ilivyobadilisha mkono wa muuguzi

Kugusa ngozi kulikuwa jambo la kawaida hadi Ebola ilipofika. Ugonjwa uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 katika Kivu Kaskazini na kuenea Ituri ulimalizika tarehe 25 Juni 2020, baada ya watu 3,470 kuugua na 2,287 kufa. Wahudumu wa afya zaidi ya 160 waliambukizwa. Wengi wao walikuwa wakifanya kazi ileile: kumpokea mtu mwenye homa, kumgusa, kumdunga sindano.

Somo lililobaki ni kwamba maswali yanatangulia mkono. Muuguzi anapima joto kwa kifaa cha mbali, anauliza kuhusu mazishi na wagonjwa nyumbani, kisha ndipo anaamua kuvaa nini. Ebola mara nyingi haionyeshi damu kwenye ngozi mwanzoni, na wengine hawatoki damu kabisa. Anayengoja damu ndipo ashuke kwenye tahadhari amechelewa.

Lakini kuna hatari ya upande wa pili. Muuguzi anayeogopa kugusa hataona kiganja cheupe wala mtoki wa kwapani. Glavu zikikosekana kituoni, uchunguzi wa ngozi unakuwa wa mbali, na magonjwa yanapita. Ndiyo maana boksi la glavu na sabuni si mambo madogo katika bajeti ya kituo cha afya.

Koko anayelala muda mrefu

Katika hospitali, mgonjwa asiyeweza kujigeuza, awe koko aliyepooza au kijana aliyevunjwa mfupa wa paja, anaweza kupata kidonda kwa sababu ya kulalia upande mmoja. Kinaanzia chini ya mgongo, kwenye visigino, kwenye nyonga. Kwenye ngozi nyeusi dalili ya kwanza ni doa linalokuwa jeusi zaidi au la zambarau, lenye joto, gumu au laini kama embe lililoiva. Kikipasuka kinaweza kufika mfupani.

Kinga yake iko mikononi mwa ndugu wanaolala naye, wale tunaowaita garde-malade. Muuguzi mmoja wa zamu ana wagonjwa wengi. Ndugu wakifundishwa kumgeuza kila baada ya saa 2, kukausha mkojo haraka, kunyoosha shuka na kuangalia visigino kila wanapomwogesha, kidonda hakitokei.

Krimu, chale na ukweli

Muuguzi anakuta pia alama ambazo si ugonjwa. Krimu za kung'arisha ngozi zinazouzwa sokoni, nyingi zenye hidrokinoni, zebaki au kotizoni, huifanya ngozi kuwa nyembamba, huacha madoa, na kotizoni huficha sura ya ugonjwa. Fangasi iliyopakwa kotizoni haifanani tena na fangasi. Chale za wembe nazo zinasema kitu: zikiwa mpya juu ya mbavu, muuguzi anajua kwamba maumivu yalianzia hapo na kwamba familia imepita kwa mganga wa kienyeji kwanza.

Muuguzi mzuri hagombezi. Akimgombeza mama, safari ijayo mama ataficha. Anauliza kwa upole wembe ulikuwa mpya au la, anaandika, anaendelea.

Lini ukimbie kituo cha afya

Mzazi hahitaji diploma kuangalia ngozi ya mtoto wake wakati wa kumwogesha, mchana, kwenye mwanga. Mpeleke kituoni siku hiyohiyo ukiona moja ya haya: viganja vyeupe kabisa, macho au nyayo za manjano, midomo ya bluu au ya kijivu, miguu miwili iliyovimba inayobaki na shimo, vipele pamoja na homa, mtoki unaouma sana pamoja na homa, madoa ya damu chini ya ngozi yasiyopotea ukiyabonyeza, au doa lisilohisi kitu.

Usipake chochote kabla ya kuonana na muuguzi, wala mafuta ya breki, wala dawa ya meno, wala krimu ya jirani. Mwambie ukweli wote kuhusu ulichokwisha kupaka. Na akikuomba usogee karibu na dirisha, sogea, maana hapo ndipo ataona vizuri.